Karanga, Kuvu na Kongwa

Mji wa Kongwa umebahatika, au tuseme umepatwa, kuwa na jina kubwa kuliko umbo lake. Katika vitabu vya historia ya dola ya Kiingereza hutajwa kuwa ni mfano wa fedha iliyomwagwa mchangani; na mtu asiyejua Ugogo uko upande gani wa Tanzania aghalabu amepata kusikia kwamba huko ndiko Waingereza walikotaka kulima karanga kwa matingatinga wakashindwa. Habari hiyo ni kweli, nami nitaigusa, maana haiwezekani kupita Kongwa bila kukanyaga mabaki yake. Lakini nia ya insha hii ni kufuata kitu kilicho kidogo kuliko karanga, kitu ambacho hakikuandikwa katika hesabu yo yote ya mwaka 1947, nacho ni kuvu iotayo juu ya karanga. Kuvu hiyo ina historia yake. Imetoka katika mashamba ya Afrika ya Mashariki ikaenda mbali sana, hata ikafika katika vyumba ambamo wataalamu leo hufuga kuvu kama wachungaji wafugavyo ng'ombe wa maziwa, wakazitia jeni za kigeni ili zikamuliwe dawa. Kisha ikarudi Kongwa, na marejeo yake hayakuwa ya heri.

Tuanze na karanga yenyewe. Katika mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, aliipelekea Serikali ya Uingereza shauri la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Vita vilikuwa vimekwisha, walakini mafuta ya kula yalikuwa bado yanagawiwa kwa kipimo katika nyumba za Waingereza. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, ambaye aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Watu hao walizunguka kwa majuma machache, wakarudi na taarifa kwamba eka 3,210,000 zaweza kufyekwa na kulimwa katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwezi wa Februari 1947 watu wa kwanza wa mpango huo walipiga kambi Kongwa.

Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi, na mengine yametiwa chumvi, hata mtu hawezi kusoma habari zake bila kucheka na kusikitika kwa wakati mmoja. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa kulimwa eka 150,000. Zilizofyekwa zilikuwa kama 7,500. Matrekta mengi yalinunuliwa yakiwa makuukuu kutoka maghala ya vita ya Philippines, na vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa mitambo ya kung'oa visiki. Vichaka vya Ugogo vilivunja chuma, na mibuyu ikawachosha madereva. Udongo wa Kongwa, mwekundu na wenye mchanga mkali uliochanganyika na ufinyanzi, ulikula majembe ya mashine kama tupa ilavyo chuma. Na mvua zilipokatika ukakauka na kushikamana, hata karanga zilizokomaa chini yake zikawa kama zimezikwa katika saruji. Mwaka 1948 kazi ilishikwa na Overseas Food Corporation, shirika la serikali. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikakiri kwamba mpango umeshindwa, na paundi 36,500,000 zikafutwa katika vitabu.

Wenyeji wa nchi, Wagogo, hawakuhitaji shirika kuwaambia kwamba mvua ya kwao si ya kutegemewa. Walikuwa bado wanaikumbuka njaa iliyoitwa Mtunya, iliyowaua watu wengi mwishoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza na baada yake. Mtama na uwele, nafaka zinazostahimili kiu, zilikuwa ndizo mhimili wa chakula chao, na hekima hiyo haikupatikana kwa majuma machache. Lakini sipendi kuirudia sana lawama hii, kwa sababu imekuwa rahisi mno. Kila mwandishi akipita Kongwa humcheka Wakefield, kisha huenda zake akidhani amekwisha eleza ukame ni nini. Ukame una kazi nyingine ambayo Wakefield hakuijua, wala mtu ye yote duniani hakuijua wakati ule.

Katika udongo wa nchi za joto inaishi kuvu iitwayo na wataalamu Aspergillus flavus. Rangi yake ni ya kijani inayoelekea manjano, na kwa kawaida hujilia mabaki ya mimea, haina ugomvi na mtu. Mmea wa karanga ukipata maji ya kutosha, ganda lake hukaa zima na punje hujikinga zenyewe. Bali ukame na joto vikiujia wakati punje zinakomaa, ganda hufanya nyufa, kinga ya punje hulegea, na kuvu hupata mlango. Mahindi nayo hupatwa na mambo yayo hayo shambani. Kisha mavuno yakiwekwa ghalani na unyevu, kilichoingia kidogo huenea. Basi ukame uleule uliowashinda Waingereza ndio ulio rafiki mkubwa wa kuvu hii; na nchi iliyochaguliwa mwaka 1947 kuwa shamba kubwa la karanga ilikuwa kadhalika nchi inayoipendeza mno kuvu ya karanga.

Jambo hilo lilifichuliwa kwa vifo vya ndege. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika mashamba ya Uingereza, na kwa kuwa sababu haikujulikana, ugonjwa ulipewa herufi badala ya jina: ukaitwa X. Uchunguzi ukaongoza kwenye chakula chao, yaani mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Ilidhaniwa kwanza kwamba kosa ni la Brazil peke yake. Lakini vifaranga vya bata walikufa pia kwa kulishwa mashudu ya karanga za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1961 wataalamu wa Uingereza waliitoa kuvu katika karanga zenye sumu zilizotoka Uganda, wakaiotesha juu ya karanga safi, na karanga safi zikawa sumu. Hapo mhalifu akashikwa. Sumu ikaitwa aflatoksini, jina lililoshonwa kwa vipande vya jina la kuvu yenyewe. Ikiwekwa chini ya mwanga wa urujuani usioonekana kwa macho, aina moja ya sumu hiyo hung'aa buluu na nyingine kijani, na kwa rangi hizo zikapewa herufi za B na G. Mwaka 1963 wanakemia wa Massachusetts, George Büchi na wenzake, walitangaza umbo la molekuli zake. Baadaye ikathibitika kwamba aflatoksini huleta saratani ya ini kwa binadamu. Sisi kwa Kiswahili tumelipata neno lililo bora kuliko yale ya kigeni: twasema sumukuvu, na hata mtoto hulielewa.

Sasa yatupasa kuvuka bahari kwenda Japani, kwa sababu kuvu hii ina ndugu. Kwa muda wa karne nyingi Wajapani wameotesha juu ya wali na soya kuvu waiitayo koji, na kwa hiyo hutengeneza pombe yao ya mchele, mchuzi wa soya na miso. Jina la kisayansi la koji ni Aspergillus oryzae. Mwaka 1894 Takamine Jōkichi, Mjapani aliyekaa Marekani, alipata hataza ya kutoa kimeng'enya cha kuvunja wanga kutoka katika koji, akakiuza kama dawa ya tumbo. Na huo ni mmoja katika mwanzo wa biashara ya kuvuna vitu vya faida kutoka katika kuvu. Orodha kamili ya jeni za koji ilipochapishwa mwaka 2005, ilidhihirika wazi jambo lililokuwa likishukiwa: koji na kuvu yetu ya sumu ni jamaa wa karibu kabisa, kama mbwa na mbwa mwitu. Koji inazo hata jeni nyingi za kutengeneza aflatoksini, lakini zimekatika hapa na kuharibika pale, hazifanyi kazi. Karne nyingi za kuchaguliwa na wapika pombe zimefuga mnyama ambaye jamaa yake wa porini angali anauma.

Kilichowawezesha wataalamu kujua haya ni uchunguzi wa sumukuvu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Joan Bennett na wenzake, huko Marekani, walichunguza kuvu iliyopoteza uwezo wa kumaliza kazi ya kutengeneza aflatoksini. Ilikuwa ikikwama njiani na kujaa rangi nyekundu ya kitu ambacho ni hatua ya mapema ya sumu. Kwa kukwama kwake ikaonyesha njia. Kufikia miaka ya 1990 jeni za kazi hiyo zilianza kupatikana moja baada ya nyingine, na ikaonekana kwamba hazikutawanyika katika kromosomu bali zimekaa pamoja, bega kwa bega, kama mafundi wa karakana moja. Kundi la sumukuvu lina jeni kama 25. Mwaka 1996 kundi kama hilo lilipatikana katika kuvu nyingine, Aspergillus nidulans, ambayo hutengeneza sumu iliyo binamu ya aflatoksini.

Ugunduzi huo waweza kuonekana mdogo kwa asiyeijua kazi hii, kumbe ndio ufunguo. Kama jeni zote za kutengeneza kitu fulani zimekaa mahali pamoja, basi yawezekana kuzichukua zote kwa pamoja na kuzihamishia katika kuvu nyingine. Na hilo lilihitajiwa sana. Kuvu zimewapa wanadamu penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, na lovastatini ya kupunguza mafuta katika damu, na nyinginezo. Lakini kuvu nyingi zenye dawa ni wakaidi. Nyingine hazioti katika mtungi. Nyingine huota polepole mno. Na nyingi hukaa na jeni zake zikiwa kimya, hazitoi cho chote mpaka zikutane na adui au njaa ambayo mtaalamu hawezi kuiigiza. Dawa ni za porini, na pori halikubali kuhamia mjini. Basi jeni zake ndizo huhamishwa, zikakaribishwa na kuvu iliyokwisha fugwa, nayo huitwa kuvu mwenyeji.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Huchaguliwa aina ya koji iliyolemazwa kwa makusudi, isiyoweza kujitengenezea baadhi ya vitu vya lazima, mathalan arginini na adenini, hata ikiachwa bila kupewa hufa. Seli zake huvuliwa vazi lao la nje kwa vimeng'enya, zikabaki uchi na tayari kupokea. Jeni za mgeni hufungwa pamoja na jeni ya kuuponya ulemavu ule. Kwa hiyo kila seli ibakiayo hai katika sahani imeupokea mzigo pamoja na dawa yake. Tena jeni za mgeni huwekwa chini ya amri ya ile swichi ambayo koji huitumia kuvunja wanga. Ukiilisha wanga, swichi hufunguka, na karakana ya kigeni huanza kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika mitungi hii jembe hutolewa siku ya kwanza.

Njia hiyo haikufika hapo kwa siku moja. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani waliingiza jeni za lovastatini katika Aspergillus nidulans, wakapata kufahamu jinsi molekuli yake inavyojengwa. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol walihamisha kundi zima la jeni za tenelini, rangi ya manjano itolewayo na kuvu inayoua wadudu, wakaliweka katika koji nalo likafanya kazi. Mwaka 2016 walihamisha katika koji jeni 7 za pleuromutilini, antibiotiki iliyogunduliwa mwaka 1951 katika uyoga ambao ni mgumu kuuboresha kwa njia za kawaida. Dawa iliyotokana na jamii hiyo, lefamulini, iliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa kutibu kichomi. Na mwaka 2017 wengine walitangaza kwamba wamechukua vipande 56 vikubwa vya kromosomu za kuvu tatu, wakavipandikiza katika Aspergillus nidulans, wakapata vitu 15 ambavyo havikuwa vikijulikana.

Nami nataka msomaji akitazame kwa makini kisa kimoja katika habari hizi. Wataalamu walipoiandaa Aspergillus nidulans iwe mwenyeji mwema, jambo moja walilolifanya ni kuling'oa lile kundi lake la sumu, lililo binamu wa sumukuvu yetu. Nyumba ilisafishwa kwanza, ndipo wageni wakaingia. Kwa maneno mengine, katika maabara za tajiri inawezekana kuvu ikavuliwa sumu yake yote, jeni kwa jeni, ili dawa itoke safi. Shambani Kongwa hakuna wa kuivua.

Mwaka 2016 hilo lilionekana kwa uchungu. Katikati ya mwaka huo, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua macho ya manjano, kuvimba tumbo na kutapika. Wagonjwa 68 walihesabiwa, na 20 kati yao walifariki. Mahindi waliyokula yalikuwa na sumukuvu nyingi kupita kiasi. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wamepata msiba mkubwa zaidi mwaka 2004, ambapo wagonjwa 317 waliandikwa, na waliokufa walikuwa 125. Vifo hivyo ndivyo vinavyoandikwa magazetini, kwa kuwa huja kwa kishindo. Lakini mtu anayekula sumukuvu kidogo kidogo kila siku hafi leo. Ini lake huharibika polepole, na watoto hushukiwa kudumaa kwa sababu hiyo. Mama wa Kongwa amwongezeaye mwanawe unga wa karanga katika uji humpa kilicho bora alicho nacho, na ndani ya hicho kilicho bora adui aweza kuwa amejificha, bila harufu wala rangi.

Kwa ajili ya hilo, mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na watafiti wa Tanzania walianza Kongwa jaribio kubwa katika maeneo ya zahanati na vituo vya afya 52: familia nyingine zikapewa unga wa uji uliochunguzwa usiwe na sumukuvu, nyingine zikafundishwa tu malezi na lishe kama kawaida, na watoto wakapimwa urefu mpaka umri wa miezi 18. Miaka 70 na zaidi kabla ya hapo, katika wilaya hiyohiyo, karanga ilipimwa kwa tani na kwa paundi. Naona kipimo cha pili ndicho kilichopaswa kuwa cha kwanza, ingawa najua hakuna aliyekuwa na elimu ya kukitumia mwaka 1947.

Dawa ya shambani nayo imepatikana, na imetoka katika elimu ileile ya makundi ya jeni. Katika udongo zimo Aspergillus flavus ambazo kwa asili yake zimepoteza sehemu za karakana ya sumu, kama koji ilivyozipoteza. Peter Cotty wa Marekani alionyesha katika mashamba ya pamba ya Arizona kwamba kuvu hizo zisizo na sumu zikitangulia kuenea shambani, zile zenye sumu hukosa nafasi. Taasisi ya IITA ilileta njia hiyo Afrika kwa jina la Aflasafe, na ile ya Tanzania, iliyotengenezwa kwa kuvu zilizookotwa katika udongo wa Tanzania, iliandikishwa mwaka 2018. Hapa lazima tutenganishe mambo, maana yanachanganywa. Kuvu za Aflasafe hazikutiwa jeni ya kigeni, zimeteuliwa tu. Kuvu mwenyeji za maabara zimetiwa, lakini zinakaa katika mitungi iliyofungwa. Na yale mahindi yaliyobadilishwa jeni, yaliyopandwa kwa majaribio Makutupora karibu na Dodoma kuanzia mwaka 2016, ni jambo la tatu. Serikali iliyasimamisha majaribio hayo mwaka 2018. Mtu anaweza kuyakataa ya Makutupora na kuzikubali za Aflasafe bila kujipinga hata kidogo.

Lipo pia swali la mali. Mwaka 1999 kampuni ya Merck ilitangaza katika jarida la Science kitu kilichofanya kazi kama insulini katika panya, nacho kilitoka katika kuvu iliyopatikana kwenye jani karibu na Kinshasa. Jani moja la Kongo, na jina la nchi likabaki katika mstari mmoja wa maelezo. Mkataba wa Nagoya, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kazi mwaka 2014, wataka nchi yenye kiumbe ipate sehemu ya faida. Lakini kuvu ikishakuwa orodha ya herufi za jeni katika kompyuta, na karakana yake ikishahamishiwa katika koji ya Bristol au ya Tokyo, ni nani atakayesema ilitoka udongo gani? Wala kuvu yetu ya sumu haina thamani ndogo. Mwaka 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza kwamba katika Aspergillus flavus wamepata molekuli za jamii mpya, na kwamba baadhi yake ziliua seli za saratani ya damu katika maabara. Ile ile iliyoua bata mzinga! Mimi sioni sababu ya kuvu za Ugogo kuhifadhiwa na kuchunguzwa kila mahali isipokuwa Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam.

Kwa sasa kazi iliyo karibu na mkulima ni ya kawaida zaidi: kuvuna kwa wakati, kukausha juu ya turubai badala ya ardhi tupu, kuchambua punje zilizovunjika, na kuhifadhi mahali pakavu. Kupitia mradi wake wa kuzuia sumukuvu, uitwao TANIPAC, serikali iliamua kujenga Mtanana, katika wilaya ya Kongwa, kituo cha utunzaji wa mazao baada ya mavuno. Na wanaotumia Aflasafe huirusha shambani kwa mkono, kilo 10 kwa hekta, majuma mawili au matatu kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu hiyo njema huletwa ikiwa imepakwa juu ya punje zilizouawa kwa moto zisiote. Punje hizo ni za mtama.